Ushauri nasaha Mwenge: mke wangu amepanda tena daladala

Mara ya kwanza tulikimbilia hospitali saa 7 usiku. Moyo unamwenda mbio, vidole vimeingia ganzi, amening'ang'ania shati: "Baba Asha, nakufa." Vipimo vya moyo vikatoka safi. Daktari akasema ni shambulio la hofu, akatuelekeza kwa mshauri nasaha mmoja, ghorofani Mwenge.

Tumekwenda mara 6, Sh 40,000 kila mara. Bei inauma, ila sijutii hata shilingi. Yule mama mshauri anawaita wote wawili, na mimi ndiye niliyefundishwa zaidi. Nilikuwa namwambia "tulia, huna kitu", kumbe namzidishia. Sasa nakaa naye chini, tunahesabu: avute pumzi hadi 4, aitoe taratibu hadi 6, kisha anitajie vitu 5 anavyoviona. Namkumbusha kwamba kilele cha hofu hupita, mara nyingi ndani ya dakika 10.

Kasoro ni ukuta. Ukikaa kwenye benchi unasikia ya ndani, na mtu anayelia anahitaji faragha. Tafadhali wairekebishe hiyo.

Siku ya Jumanne mke wangu alipanda daladala ya Kariakoo peke yake. Alinipigia akiwa Magomeni, anahesabu.