Uzoefu wangu na shule ndogo ya kanisa ya bweni, upande wa Newala, mkoani Mtwara

Nimesomesha watoto wawili hapa kwa miaka sita, na ninamwandikia mzazi anayetaka kujua hela yake inaenda wapi hasa. Jina la shule ninaliacha. Ni shule ya msingi ya Kiingereza, mkondo mmoja, na darasa lililojaa kuliko yote lina watoto 28.

Hao 28 ndio faida kubwa kuliko zote. Usiishie kuuliza shule imekuwa ya ngapi kimkoa. Omba daftari lolote la Hisabati la darasa la tatu, lifungue katikati. Mtoto ametoa 178 kwenye 403 akapata 375, kwa kuwa kila safu alitoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Mwalimu hakuweka mkasi wa kosa akapita. Amezungushia sifuri kwa wino mwekundu, akaonyesha mahali pa kukopa, mtoto akarudia mwenyewe chini yake akapata 225, na mwalimu ametia sahihi mara ya pili na tarehe. Kwenye darasa la watoto tisini hakuna mwalimu anayeweza kufanya hivyo kila siku, hata awe na moyo kiasi gani.

Siku inaanza saa 11 alfajiri kwa usafi wa bweni. Saa 12 kamili ni ibada ya dakika ishirini: tenzi mbili, neno, sala. Kuanzia darasa la nne watoto wanapeana zamu ya kusoma neno mbele ya wenzao, na hapo ndipo wengi wanapotoka uoga. Prepo, yaani kujisomea jioni, ni saa 1 hadi saa 2 na nusu usiku. Uliza nani anaisimamia. Hapa ni mwalimu wa zamu. Shule zinazomwachia kiranja, prepo inageuka saa ya soga. Chakula ni ugali na maharage au mbaazi, wali siku chache. Kinatosha.

Sasa maji, maana hapa ndipo shule inapopwaya. Uwanda wa Makonde uko juu na mchanga wake unanywa mvua yote; chemchemi ziko chini mabondeni, na maji ya bomba lazima yapandishwe kwa pampu. Pampu ikisimama, shule inabaki na maji ya mvua yaliyokingwa, na mvua zetu ni msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili. Piga hesabu: watoto 110 wa bweni, lita 20 kila mmoja kwa siku, ni lita 2,200. Matanki manne ya lita 10,000, hata yakijaa mpaka juu, ni siku 18. Kwa hiyo Septemba hadi Novemba shule inanunua maji ya boza, na boza likichelewa siku mbili, cha kwanza kusimama ni kufua, cha pili ni vyoo. Wiki mbili baadaye unaona upele kwenye vidole vya watoto.

Sehemu ya dawa yake haihitaji mfadhili. Paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 20 linatoa karibu lita 4,000. Lakini gata ya bweni la wavulana imeachia kibano kona ya nyuma, na maji ya upande huo yanamwagika mchangani. Ndiyo maana ninasema usiende kuikagua shule Januari, wakati kila kitu ni kibichi. Nenda Oktoba, ufungue bomba la nyuma ya bweni.

Ada inalipwa kwa awamu nne: Januari, Aprili, Julai na Septemba. Hiyo ya Septemba ndiyo inayotuumiza. Korosho ndiyo zinaanza kuanguka, minada inafunguliwa Oktoba, na hela inaingia benki baada ya mzigo kupelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na kuuzwa mnadani ukiwa ghalani, ndiyo stakabadhi ghalani. Anayekusubiri Septemba na fedha taslimu mkononi ni mtu wa kangomba, mnunuzi wa pembeni asiyepita mnadani, na bei yake ni ya kuumiza. Mzazi anauza korosho zikiwa bado mtini ili mtoto asirudishwe. Omba kwa barua tangu Januari awamu hiyo isogezwe hadi mwisho wa Novemba. Mimi nilikubaliwa, barua ikagongwa muhuri, na bado jina la mwanangu likasomwa mstarini pamoja na wadaiwa. Deni ni la mzazi. Kumsomea mtoto mbele ya wenzake, katika shule inayoanza siku kwa sala, ni kosa, na nililisema kwenye kikao cha wazazi. Toa nakala mbili za barua hiyo: moja kwa mhasibu, moja kwa matroni.

Jumlisha pia vya pembeni: rimu, mitihani ya moko, picha, mahafali. Havimo kwenye fomu ya kujiunga.

Kwa vifaa, godoro la futi mbili na nusu linaingia kitandani, la futi tatu halikai. Chandarua kiwe cha pembe nne, kwa sababu vitanda ni vya ghorofa na cha duara hakina pa kuning'inia kwa anayelala chini. Ndoo andika jina kwa rangi ya mafuta. Shuka ndizo zinazopotea zaidi, siku ya kufua Jumamosi; nunua za rangi moja zenye alama ya uzi pembeni.

Watoto wa Kiislamu wapo wengi. Kipindi cha dini wanakwenda kwa mwalimu wao, na Ramadhani jikoni wanapika futari, ila daku ujulishe mapema. Kama mtoto hajafika darasa la tano, fahamu kwamba mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa madarasa ya chini bila kibali maalumu. Omba kukiona.

Mwisho ni jando na unyago. Likizo ya Juni ndiyo msimu wake, na kidonda hakijui kalenda ya shule. Kanisa la Anglikana Masasi lilikutana na jambo hili zamani. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi hiyo kuanzia 1926 hadi 1944, aliliingiza jando ndani ya utaratibu wa Kikristo badala ya kulipiga vita. Shule hii inavumilia wiki moja ya kuchelewa kwa barua, zaidi ya hapo hapana. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, hivyo mtoto wa darasa hilo asipelekwe Juni. Mpeleke akiwa la tano, au Desemba ya la sita, mara tu shule inapofunga, apone kabla ya Januari.