Tahadhari: "chokaa ya tanuu" inayouzwa Lamu ina simiti ndani

Wenye nyumba za mawe Mkomani, Langoni, hata Shela, someni kabla hamjatuma pesa.

Kabla ya masika nilinunua mifuko 40 ya chokaa kwa mtu anayezunguka majengo yanayokarabatiwa. Anaingia kwa salamu ndefu, anakuita shekhe, mkononi ana donge jeupe laini kama siagi. Imechomwa tanuuni, asema, ikalowekwa miezi mitatu. Donge lile lilikuwa la kweli. Kilichoshushwa gatini na kubebwa na punda mpaka kwangu kilikuwa kitu kingine.

Fundi wangu, mzee aliyerithi kazi kwa babake, aliishika na mwiko akauliza, "Mbona inakaza haraka hivi?" Nikamwambia apake tu. (Hapo kosa ni langu.)

Mvua ilipokatika, plasta ya ukumbini ikaanza kufura. Ukiigonga yalia utupu. Ilipoanguka iliondoka na ngozi ya jiwe. Kuta zetu ni za matumbawe, nayo hunywa maji ya chini pamoja na chumvi yake. Chokaa huyaachia maji yatoke. Simiti huyafungia, chumvi ikagandamana nyuma ya plasta na kulimega jiwe. Vichwa vya boriti vilivyozama ukutani navyo huozea kwenye unyevu huohuo, na hilo hulioni mpaka dari ilegee.

Namna ya kupima, alivyonionyesha mzee: chota kutoka chini ya mfuko, si donge la mkononi mwa muuzaji. Kanda na maji kidogo hadi ishikane, kisha itose ndani ya gilasi ya maji siku tatu. Chokaa safi hukazwa na hewa, kwa hiyo majini hubaki laini. Ikiganda humo, ina simiti. Yangu ilitoka ngumu ya kuvunjia nazi! Msiangalie weupe, maana simiti nyeupe ipo.

Muuzaji huyo pia hujitia mtu wa Makumbusho, wasimamizi wa majengo ya kale. Nimekwenda kuuliza, hawamjui. Simu yake sasa haipatikani, na nasikia ameanza kuchukua oda za boriti za mkoko kwa malipo ya mbele. Mimi nilimtumia nusu kabla sijaona hata mfuko mmoja.

Fundi sasa anabandua ukuta kwa patasi, taratibu, shubiri kwa shubiri. Mifuko 11 iliyobaki ipo dakani kwangu, hapo kibarazani mlangoni. Anayetaka kuipima mwenyewe aje baada ya alasiri, gilasi zipo.