Uzoefu wangu na R1155, redio ya ndege za vita niliyoanzia nayo London 1966

Juzi kijana wa jirani kaniuliza, mzee, hizi redio za jeshi za vita vya pili mlikuwa mnazitumiaje, zilikuwa nzuri kweli ama ni mapenzi ya zamani tu. Nikamwambia kaa, hilo si swali la kujibiwa mlangoni. Tukaongea mpaka magharibi na bado sikumaliza, kwa hivo nimeona bora niandike kabisa, manake mimi R1155 nimeanza nayo redio ya ridhaa, yaani redio ya mapenzi tu si ya kazi, na mpaka leo ninayo ndani.

Kwa wasioijua, R1155 ni risiva, redio ya kupokea tu, ya Kiingereza, kazi ya Marconi, ilikuwa inafungwa kwenye ndege za jeshi la anga kama zile Lancaster za mabomu, inakaa mbele ya mtu wa redio pamoja na mwenzake transmita ya kurushia T1154 yenye vifundo vya rangi rangi. Vita ilipokwisha 1945 serikali yao ikajikuta na shehena ya vitu hivi haina pa kuviweka, ikaviuza bei ya kutupa, basi kwa miaka ishirini hivi mtu asiye na pesa aliyetaka kuanza redio alikuwa anajilia humo humo. Risiva mpya za dukani zilikuwepo lakini mimi mwanafunzi nilikuwa nazitazama kwenye kioo napita.

Nilitoka Mombasa nikafika London Septemba 1965 kusomea umeme. Kupenda redio nilitoka nako nyumbani, mjomba wangu alikuwa Keya, askari wa mkoloni wa Afrika Mashariki, alikwenda mpaka Burma 1944 na kazi yake huko ilikuwa mambo ya simu za upepo, na aliporudi akawa anatugongea Morse, zile herufi za nukta na mistari, kwa kijiko mezani sisi watoto tukisubiri uji. Kwa hivo mimi Morse niliijua kwa masikio kabla sijaijua kwa karatasi, na hilo lilikuja kunifaa kuliko chochote nilichofundishwa chuoni.

Maduka ya mali ya jeshi yalikuwa Lisle Street, kichochoro kule Soho karibu na Leicester Square. Unaingia unakuta vitu vimerundikwa mpaka juu, mita, hedfoni, swichi, mota ndogo ndogo, na harufu moja ya vanishi na vumbi ambayo nikiisikia hata leo naijua. Yangu niliinunua mwanzo wa 1966 kwa pauni 7 na shilingi 10. Muuzaji akanihakikishia imekaguliwa, inafanya kazi. Nikaipakata kwenye basi kama mtoto mpaka chumbani.

Sasa hapa ndipo wengi walikuwa wanavunjika moyo. Ukifika nayo nyumbani haiwaki! Haina waya wa kuchomeka ukutani. Kwenye ndege ilikuwa inalishwa na jenereta dogo linalozungushwa na umeme wa betri, kwa hivo wewe nyumbani ni lazima uitengenezee pawa saplai yako mwenyewe, volti kama 220 za valvu, zile chupa za kioo zinazofanya kazi ndani ya redio za zamani, na volti 6.3 za kuzipasha moto. Na spika pia haiendeshi, ilitengenezwa kwa hedfoni tu, ukitaka spika unaongeza valvu ya kutoa sauti, mimi niliweka 6V6. Kazi yote hiyo ilinichukua wiki tano, nanunua kitu kimoja kimoja kila nikipata posho, wiki hii transfoma, wiki ijayo kondensa, halafu valvu ya kugeuza umeme ambayo muuzaji alinipa moja imeandikwa ubavuni kwa herufi nyeupe 5Z4G. Mkumbuke hilo jina, nitalirudia.

Nilipofungua kifuniko nikaona nilichouziwa. Ndani ilitengenezwa na valvu 10, na tatu kati ya hizo hazihusiki kabisa na kusikiliza, ni za kutafutia mwelekeo ili rubani ajue stesheni iko upande gani. Sasa kuna mtu kabla yangu alishaamua hazitaki, akazing'oa akakata nyaya zake kwa koleo akaziacha zinaning'inia hivo hivo, nyingine hata hazijafungwa tepu. Mimi sijui chochote, nikaunga pawa, nikawasha, dakika haijaisha moshi. Waya mmoja wa volti kubwa ulikuwa umegusa bodi. Nikachomoa mbio, mama mwenye nyumba anagonga mlango anauliza nimepika nini. Hilo lilinikasirisha sana na mpaka leo nalisema, mtu akikuuzia kitu akakwambia kimekaguliwa halafu ndani kuna nyaya tupu za volti 220, amecheza na maisha yako. Nami nilipigwa shoti mara moja, kiwiko kikafa ganzi jioni nzima. Baadae mzee mmoja Muingereza, mtu wa redio wa siku nyingi, akanifundisha nikiigusa ikiwa imewaka mkono mmoja ukae mfukoni. Huyo mzee pia aliniazima mchoro wake wa saketi, nikaunakili wote kwa penseli, na bila ule mchoro nisingefika popote.

Nikasafisha nyaya, nikabadilisha kondensa zote za karatasi manake zilikuwa zinavuja, nikawasha tena usiku. Mwanzo kimya. Halafu valvu zinapata moto taratibu, unaanza kusikia kama mvua ya mbali, na lile jicho la kijani pale mbele likafumbuka. Kwa wasiowahi kuliona, ni valvu ndogo yenye uso wa duara unaong'aa kijani, ina kivuli kama pembe, ukiifikia stesheni sawa sawa kivuli kinajibana. Nilizima taa ya chumba nikakaa naliangalia tu.

Utumiaji wake sasa. Daili ni kubwa, namba zinasomeka vizuri, na kifundo cha kutafutia kina mwendo wa pole pole unaosikia raha mkononi. Swichi kubwa ukiiweka AVC inajirekebishia sauti yenyewe, hiyo ni ya kusikilizia stesheni za matangazo, ukiiweka OMNI unarekebisha wewe kwa mkono, hiyo ndio ya Morse. Kuna na swichi ya het, bila hiyo Morse inasikika kama mtu anapumua tu, ukiiwasha inakuwa filimbi. Waliokuwa wanaongea kwa SSB, namna ya kurusha sauti ambayo bila het haieleweki, ambao miaka ile walikuwa wanazidi kuongezeka, ulikuwa unaweza kuwapata lakini kwa subira, weka OMNI, punguza nguvu, washa het, halafu kizungushe kifundo kama unamtoa mwiba mtoto. Ukikohoa wamepotea.

Ubaya wake upo na sitauficha. Haifiki juu ya megahezi 18.5, kwa hivo mita 15 na mita 10 usahau (sisi bendi tunaziita kwa urefu wa wimbi, mita zikipungua megahezi zinapanda). Mita 20, ambayo ndiyo ya masafa marefu, iko kwenye ile bendi ya 7.5 mpaka 18.5, sasa hebu fikiria bendi nzima ya watu wa ridhaa kutoka 14.0 mpaka 14.35 imebanwa kwenye upana wa kidole, stesheni kumi zote zimekanyagana. Mita 80 na mita 40 ziko afadhali. Na kati ya megahezi 1.5 na 3 hakuna kitu, kuna pengo, ukitaka mita 160 ilikuwa lazima utafute R1155L ama R1155N ambazo zilipewa hiyo bendi badala ya ile ya chini kabisa. Mimi sikujua wakati nanunua, na ningejua ningesubiri nipate N. Halafu inahama, yaani inatoka yenyewe kwenye stesheni uliyoiweka, ukiiwasha ipe nusu saa itulie kwanza, la sivyo kila baada ya dakika mbili unamfukuzia mtu.

Eria yangu, yaani antena, ilikuwa waya wa mita 15 hivi kutoka dirishani mpaka mti wa uani, mama mwenye nyumba aliniruhusu baada ya kumwahidi hautaonekana kutoka barabarani.

Sasa ile 5Z4. Kila stesheni ya ridhaa ina jina lake la kuitia, na mwanzo wa jina unaonyesha nchi. Kenya ilikuwa VQ4 wakati wa mkoloni, baada ya uhuru ikawa 5Z4. Mimi hilo nilikuwa nimelisoma tu. Jioni moja ya mwaka 1967, baridi imeanza kulegea, niko mita 20 nahangaika kwenye kile kidole kimoja cha daili, Warusi wengi, Waitaliano wengi, na chini yao kuna filimbi moja nyembamba. Nukta tano. Mistari miwili nukta mbili. Nukta nne mstari mmoja. Nikaiandika kabla sijaielewa, kama mjomba alivotuzoesha, andika kwanza fikiri baadae, halafu nikaangalia karatasi imeandikwa 5Z4, na pembeni ya meza kwenye pawa saplai ile valvu inawaka nyekundu na ubavuni imeandikwa 5Z4G. Ni bahati tu ya herufi, najua. Lakini nilikuwa sijasikia sauti ya nyumbani mwaka na nusu, barua zilikuwa zinachukua muda wake, kupiga simu ni jambo la kufiwa tu, na hapo mtu yuko Nairobi dakika ile ile anabonyeza kifundo na mimi namsikia kwa waya uliofungwa kwenye mti. Nililia. Sioni haya kulisema.

Sikuwa na leseni kwa hivo sikuweza kumjibu, nilikuwa msikilizaji tu, lakini nilikuwa nimejiunga na RSGB, chama cha watu wa ridhaa wa Uingereza, wakanipa namba ya msikilizaji, nikamtumia kadi ya ripoti kupitia kwao. Miezi ikapita nikasahau, halafu kadi yake ikarudi, ameandika kwa mkono asante. Nimeitundika juu ya redio mpaka leo.

Baada ya hapo kila usiku wa baridi nilikuwa nateremka mita 60, bendi za nchi zetu za joto, na siku hewa ikiwa nzuri unapata Kiswahili kutoka Dar, Radio Tanzania, sauti inakuja inazama inakuja tena kama mtu anaeongea nyuma ya pazia linalopepea. Mwaka huo wa Azimio la Arusha tulikuwa tunajazana chumbani kwangu wanafunzi watano sita tunasikiliza, mmoja Mchagga, wawili Waunguja, mama mwenye nyumba alikuwa anatuletea chai mwenyewe.

Nilirudi 1968 kwa meli, Suezi imefungwa toka vita vya mwaka uliopita kwa hivo tulizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na redio ilikuwa chini ya kitanda changu njia nzima imefungwa kwenye blanketi. Chumvi ya hewa ya Mombasa haijaihurumia, kasha limetoboka upande mmoja, lakini ndani bado nzima.

Anaetaka kuinunua leo kutoka kwa mtu: fungua kabla hujalipa, hesabu valvu 10, tafuta nyaya zilizokatwa, muulize kama soketi zake zina plagi zake manake plagi zenyewe ni ngumu kuzipata, na usiiwashe hata sekunde moja kabla ya kubadilisha kondensa za karatasi. Kama unataka kuongea na dunia kesho asubuhi, usinunue hii. Kama unataka kujua redio inafanyaje kazi, mimi nimefundishwa na hii kuliko na mwalimu yeyote. Naipa nyota nne, ya tano nimeinyima kwa ajili ya ile mita 20.

Kitu kimoja naomba. Lile jicho langu la kijani limefifia, mwanga umebaki wa kuonekana gizani tu. Ni valvu VR103, wengine wanaiita Y63. Kama kuna mwenye moja ndani ya sanduku la marehemu baba yake huko, asiitupe.