Kigoma mwisho wa reli, na kijana aliyemnyamazisha baba yangu

Nyota moja kwa safari yetu ya treni ya Kigoma. Na hiyo moja ni ya dereva wa Hiace aliyetupokea, kwa sababu alimshika baba mkono akamshusha taratibu bila kuambiwa na mtu.

Nilianza kuandika haya tukiwa bado kulekule, nikafuta, maneno yalikuwa yanatoka makali mno. Sasa tumesharudi nyumbani siku nyingi na hasira bado ipo palepale, kwa hiyo naandika hivyohivyo.

Tulikwenda na kampuni moja ya matembezi. Jina silitaji. Wanakusanya watu kumi au kumi na wawili, wanawakatia tiketi za treni ya reli ya kati, mnapanda Dar, mnashuka Kigoma, mnatembezwa stesheni ya zamani ya Mjerumani, mnapelekwa Ujiji, basi. Nilimlipia baba. Nilikuwa nimeweka hela hiyo kidogokidogo kwa ajili yake, na ndiyo maana hili jambo linaniuma kuliko pengine lingemuuma mtu mwingine.

Baba ni mtu wa reli. Aliajiriwa akiwa kijana, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani haijavunjika mwaka 1977, na karibu maisha yake yote ya kazi yaliishia kwenye genge la njia, kati ya Tabora na Kaliua. Kwa asiyejua, genge ni wale watu wanaoishi kando ya reli kwenye vile vinyumba vilivyopangwa mstari mmoja. Wanatoka alfajiri na spana na nyundo, wanatembea njia, wanakaza bolti, wanashindilia kokoto chini ya mataruma, yale yanayolazwa kukingama chini ya reli kuibeba, pale reli ilipozama. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kilibaki upande wa Urambo, chini ya taruma la chuma. Pasi ya kusafiri bure alikuwa nayo, lakini ilikwisha kwa misiba na harusi za kwao Morogoro. Kigoma hakuwahi kufika. Miaka yote hiyo abiria waendao mwisho wa reli walimpungia mkono madirishani, yeye amesimama pembeni na chepe lake, na treni ikishapita anarudi kwenye kokoto.

Treni yenyewe sina baya la kuisemea. Siku hizi kila mtu anasifia ile ya umeme ya kwenda Dodoma, na mimi nimeipanda, ni nzuri, ina kasi, ina kiyoyozi. Lakini dirisha lake huwezi kulishusha ukanunua kitu. Hii ya zamani ikisimama Saranda, kuku wanakuja mpaka mkononi mwako. Tabora inakaa muda mrefu kwa sababu njia zinagawanyika pale, mabehewa ya Mwanza yanakwenda kaskazini, ya Kigoma yanaendelea magharibi, na wewe una nafasi ya kushuka, kunyoosha miguu na kuulizia asali.

Kilichoanza kuharibika kilitoka kwa kampuni. Tuliahidiwa chumba cha watu wawili. Tukakuta tumekatiwa vyumba vya sita, mimi kwa wanawake, baba kwa wanaume. Mzee wa umri ule, peke yake, na watu asiowajua! Nikapiga simu ofisini kwao, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena.

Na hapa ndipo ninaposhindwa kujua niandike vipi, maana kosa lile ndilo lililompa baba usiku ambao nisingeweza kuununua. Nilipopita koridoni kwenda kumwangalia, nikasikia sauti yake kabla sijafika mlangoni. Mle ndani walikuwa na mfanyabiashara wa dagaa, wanafunzi wawili, na baba mmoja wa Kasulu aliyekuwa anarudi nyumbani, na wote wamemnyamazia baba yangu wakimsikiliza. Aliwaeleza kwa nini treni inalia vile, takataka, takataka: kwamba reli zimeungwa kwa mabamba na bolti, na kila kiungo huachiwa mwanya mdogo, kwa sababu chuma hutanuka jua likiwaka, na usipokiachia nafasi reli itapinda kama nyoka. Gurudumu likivuka ule mwanya ndipo linagonga. Mwanafunzi mmoja akamuuliza kwa nini mataruma ni ya chuma na si ya mti. "Mchwa," akasema baba. "Ungeweka mti huku, mwaka haujaisha umekaa juu ya unga." Kukawa na kicheko kikubwa. Sijamsikia baba akichekesha watu tangu mama afariki.

Baada ya Tabora hakukaa tena. Alisimama dirishani mpaka Kaliua. Mahali fulani kabla ya Urambo tukapita genge, wanaume watano wamesogea pembeni na vifaa vyao wakisubiri treni ipite. Baba akatoa mkono nje, ule wa kushoto, akawapungia. Wakampungia wote watano. Akaendelea kupunga hata tulipokuwa tumeshawaacha mbali, halafu akageuka akaniambia vumbi limemwingia machoni.

Naomba msomaji ukumbuke mkono huo.

Tukavuka Malagarasi, tukapita Uvinza kwenye chumvi, na ziwa likatokea. Stesheni ya Kigoma ni jengo unalolitazama kwanza ukiwa umesimama bila kusema kitu. Kuta nene, kubwa kuliko mahitaji ya mji uliokuwapo wakati ule, na maji ya Tanganyika yako karibu. Reli ilifika pale Februari 1914, na kabla mwaka haujaisha vita vilikuwa vimeanza. Baba alishuka, akavua kofia.

Ndipo akaja kiongozi wa matembezi. Kijana wa miaka ishirini na kitu, ana spika ndogo imening'inia shingoni. Kundi letu lilikuwa na wazee watatu na hakuna hata mmoja aliyepewa shikamoo. Aliwasha spika akaanza, anasoma kichwani kama mtoto anayekariri shairi. Akasema reli hii ilijengwa na Waingereza. Nikamtazama baba, akatabasamu tu. Akaendelea, akafika kwenye meli ya Liemba, akasema iliundwa hapahapa Kigoma tangu mwanzo mpaka mwisho.

Baba akanyoosha mkono. Kama mwanafunzi! Akasubiri mpaka yule kijana akamwona. Akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, ile meli iliundwa Ujerumani. Ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikaja kwa bahari mpaka Dar, halafu ikapandishwa kwenye reli hii tuliyokuja nayo. Hapa iliungwa tu."

Watu wakageuka. Na ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Meli nzima ilipita juu ya reli ya mita moja kwa upana, kutoka pwani mpaka ziwani, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiipate, baada ya kuipaka injini mafuta mazito isiharibike. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini na jina la Liemba. Ukiwa umesimama pale stesheni hakuna hadithi kubwa kuliko hiyo, na mtu aliyekuwa anaijua alikuwa amesimama katikati yetu. Mama mmoja wa kundi letu akamuuliza, "Kwa hiyo baba, na reli waliijenga Wajerumani?" Baba akamjibu, "Wajerumani walisimamia, mama. Waliobeba mataruma ni babu zetu."

Yule kijana akasema, na spika ikiwa imewashwa, stesheni nzima ikasikia: "Mzee, hapa umelipia kusikiliza, hukulipia kufundisha."

Baba akasema, "Samahani, mwanangu." Kisha akaweka mikono yote miwili nyuma, mkono wa kulia umeushika ule wa kushoto, umefunika pale pasipo na kidole.

Nimejaribu kueleza watu kwa nini sikulala usiku ule, wengine wananiambia ni neno moja tu, kijana alikuwa na haraka. Si neno moja! Mtu ametoa ujana wake wote ili treni zifike mahali pale salama, anafika mara ya kwanza, na sentensi ya kwanza anayoambiwa na mwenyeji wake ni anyamaze. Na akaomba radhi yeye! Nilimfuata yule kijana pembeni nikamwambia, huyu mzee alikuwa anakaza bolti za reli hii kabla wewe hujazaliwa. Akaniangalia, akaangalia simu yake. "Dada, tuna ratiba."

Ratiba. Stesheni tulikaa dakika ishirini. Kwenye duka la vitenge walikotupeleka baadaye tulikaa saa nzima na zaidi. Ujiji sikusikia chochote, nakumbuka mwembe na mnara wa Livingstone na sauti ya ile spika ikitaja mwaka 1871, wakati huo namtazama baba aliyekuwa amekaa kwenye kivuli mbali na kundi. Alikuwa hajafungua mdomo tangu stesheni.

Niseme haki pia, kwa sababu baba amenilazimisha niiseme. Tiketi zilikuwa za kweli, na siku tuliyoambiwa tutasafiri ndiyo tuliyosafiri. Maji ya kunywa yalikuwepo muda wote. Dereva nimeshamtaja. Kwa mtu mwingine, asiye na mzazi wa kumuonea uchungu, pengine hii ni safari ya nyota tatu, na kama kampuni ingekuwa inauza treni tu bila maneno, hata nne.

Asubuhi ya pili niliamka nyumba ya wageni nikakuta kitanda cha baba kimetandikwa, hayupo. Nilijua alipo. Nikamkuta stesheni, amekaa benchi moja na mfanyakazi mmoja wa njia, mtu mzima naye, wanakunywa chai ya rangi. Mfanyakazi yule alipojua mimi ni nani akasema, "Kumbe una mzee wa reli, dada, na ulikuwa unamficha." Walikuwa wameshatajiana majina ya manyapara wa zamani, nani yu hai, nani ametangulia. Kisha akatuongoza tukafuata reli inakoteremkia bandarini. Baba akachuchumaa, akachukua jiwe, akagonga reli mara moja, akatega sikio. Akagonga tena mbele kidogo.

"Imekazwa vizuri," akasema.

Tulikaa pale karibu saa mbili. Hakuna aliyetulipisha na hakuna aliyetaja ratiba. Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu stesheni ya Kigoma na safari ya reli ya kati, nenda, tena mpeleke mzee wako kabla hajachoka, kata tiketi mwenyewe, fika stesheni, tafuta mtu yeyote mwenye spana mkononi umsalimie. Nilikuwa nimeshaamua kuongeza nyota, nimefika mbili, nafikiria ya tatu.

Halafu juzi kampuni ikanijibu ujumbe niliowaandikia. "Samahani kama ulikwazika. Tutakupa punguzo safari ijayo." Kama nilikwazika mimi! Mimi sikuambiwa ninyamaze. Hawakuuliza jina la mzee, hawakuomba namba yake, hawakusema yule kijana amejifunza ni nani aliyejenga reli anayoisimulia kila wiki. Nimerudi kwenye nyota moja na sitoki hapo.

Nilimsomea baba haya kabla ya kuyaweka. Aliposikia ile sehemu ya mkono akatazama pembeni. Akasema nimwache kijana wa watu, anatafuta riziki, na kwamba kama lazima niandike basi niandike kwa herufi kubwa kwamba RELI ILIFIKA 1914 CHINI YA WAJERUMANI, ili asikosee tena. Nimeandika. Kisha akaniuliza kama ile njia inayochepuka Kaliua kwenda Mpanda bado inapitisha abiria, kwa sababu huko nako hajawahi kufika. Nimemwambia nitakwenda stesheni kuuliza, na tiketi nitakata mwenyewe.