Miguu ya Kabati la Michezo: Mbao Iliyokerezwa au Nondo Iliyokunjwa?
Anayejitengenezea kabati la michezo ya video lenye umbo la meza, kama yale ya Space Invaders yaliyotolewa na Taito nchini Japani mwaka 1978, hutafuta miguu itakayolipamba bila kulidhoofisha. Miguu ya nondo iliyokunjwa hufungwa kwa urahisi, kwa kuwa bamba lake hukazwa kwa skrubu chini ya kabati na kazi huishia hapo. Lakini mchezaji anapovuta kijiti cha kuchezea kwa hasira, naye atakivuta tu, nondo nyembamba hunesa na kioo hutikisika.

Mguu mnene wa mbao iliyokerezwa hutulia zaidi, mradi bolti yake, ambayo aghalabu ni ya milimita 8, iingie katika nati ya meno iliyopigwa kwa ndani, kwani skrubu iliyozamishwa peke yake kwenye MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) hulegea upesi. Sakafu ya kabati ikiwa nyembamba, ni bora kuigandishia kwanza kipande cha plaiwudi. Mimi ningechagua mbao, ingawa ni ghali zaidi. Kwa vyovyote vile, urefu wa miguu upunguzwe kwenye kimo cha kabati kabla ya kukata ubao, la sivyo vitufe vitapanda juu kuliko viwiko vya aliyeketi.