Fundi wa mabango, Oginga Odinga Street, Kisumu: rangi safi, ritifaa kombo

Herufi zimenyooka, rangi imekolea. Shida ni ritifaa ya kuonyesha umiliki katika Kiingereza, ile alama iliyo ndani ya “ng'ombe”. Fundi huandika “Childrens' Wear”, na hilo ni kosa kabisa: “children” tayari ni wingi usio na s, hivyo alama hutangulia s, “Children's”. “Ladies” ni wingi wenye s, kwa hiyo alama huja mwisho, “Ladies' Salon”. Na jina linaloishia na s, kama James? “James's” na “James'” zote zinakubalika; ya kwanza inafuata matamshi, naipendelea. “Its” ya umiliki haina ritifaa kamwe. Mpelekee maneno yakiwa yameandikwa karatasini, kisha kagua mchoro wa penseli kabla hajatia rangi, kwani kusahihisha baadaye huacha doa.