Kitambulisho cha ruta: ukiandike mwenyewe au uiachie ruta ichague?

Kitambulisho hiki ni namba, kwa sura ya anwani ya IP, inayoitambulisha ruta kwa wenzake. Mafundi wa Goma hubishana sana juu ya hili kwenye mitandao ya MPLS (inayopitisha data kwa kufuata lebo). Ukiiachia ruta ya Cisco, huna kazi: inachukua anwani ya juu kabisa ya lupubaki (kiolesura cha kubuni ndani ya ruta), na isipokuwepo, ya kiolesura halisi (tundu la waya) kilicho hai. Lakini hapa kwetu umeme hukatika. Ruta ikiwaka upya huku kiolesura kile kimelala, inajichagulia namba nyingine, na huenda majirani wa LDP (itifaki ya kupeana lebo za MPLS) wasiifikie tena kwenye mlango wa TCP 646. Nimekesha kwa sababu hiyo. Ukiandika mwenyewe, unatumia lupubaki ya /32 (yenye anwani moja tu); hiyo hailali kwa waya kukatika, ila lazima uitangaze kwenye OSPF (itifaki ya ruta kujulishana njia) na utunze daftari la anwani, zisijirudie. Ruta mbili za kujifunzia nyumbani Himbi? Ziachie. Una minara hadi Sake, nje ya mji? Andika kwa mkono.